Majumba Mabegani

Mpiga Picha alikuwa na tabia ya kubisha hodi kwenye nyumba tupu. Nyumba mlango umeliwa na mchwa, popo wananing'inia ndani, na yeye anavua kofia kizingitini na kusema, "Hodi hapa." Anangoja kidogo, kisha anasema, "Ahsante," anaingia na kamera yake. Mara ya kwanza kumwona nilicheka mpaka kanga ikanivuka. Nikamuuliza, "Amekukaribisha nani, popo?"

Akanijibu, hata hakugeuka, "Kwani umesikia nimefukuzwa?"

Mimi ni mshonaji wa Manundu, hapa Korogwe. Kibarazani kwangu pana cherehani ya kukanyaga, na kwa cherehani hiyo nimesomesha watoto, na sasa nina wajukuu, mmoja nesi, mwingine anaongea na Wazungu kama mimi ninavyoongea na kuku wangu. Mwenyewe shule niliishia darasa la nne, kwetu Handeni. Kwa hiyo nayaandika haya kama ninavyoyasema. Anayetaka maneno yaliyopigwa pasi akatafute kwa wengine.

Jina lake silitaji hapa. Mji mzima ulimwita Mpiga Picha naye akaitika. Hata mke wake, Mshambaa wa milimani kama yeye, siku alizoteremka kumletea viazi alisimama barabarani akaita, "Mpiga Picha! Njoo upokee mzigo!"

Tulijuana wakati ule serikali imekataza mifuko ya plastiki. Watu tulikuwa tunatoka sokoni tumekumbatia nyanya vifuani. Asubuhi moja akaja kibarazani kwangu na mfuko wa kitambaa cha marekani, ile pamba nzito, wa kuvaa begani, mishikio miwili mirefu. Upande mmoja wa mfuko ulikuwa na picha ya duka la zamani, lile lenye nguzo nene pale njia ya kwenda mtoni. Picha kabisa, si kuchora. Ungeweza kuona mpaka lipu ilipobanduka.

"Mama Hadija, unaweza kushona kama huu?"

"Huu umeshonwa na nani?"

"Kijana mmoja Tanga."

"Ndiyo maana umepinda."

Akaugeuza, akautazama mshono, akacheka kidogo. Tukaanza hivyo. Mimi nashona, yeye anafunga furushi anapanda basi mpaka Tanga mjini, kwa mtu mwenye mashine inayobandika picha kwenye kitambaa kwa moto, kama pasi kubwa. Anarudi na majumba. Majumba ya Korogwe ya Zamani, majumba ya Manundu, mawili matatu ya Handeni mjini. Kila mfuko na jumba lake. Wanawake wakaipenda. Ikawa ukisimama sokoni unauona mji unatembea: hapa roshani, kule dirisha la mbao, pale ngazi ya mawe imebeba mchicha.

Zamani alikuwa mpiga picha wa watu kama wote. Harusi, ubatizo, maulidi, picha za vitambulisho. Simu zilipokuja zikamla. Lakini ukimuuliza hasemi simu. Anasema, "Bibi harusi hatulii. Nyumba inatulia."

Na kweli alikuwa hana subira na watu, ila kwa nyumba alikuwa na subira ya jiwe. Anaweza kusimama mbele ya ukuta tangu watu wanatoka kazini mpaka jua linakaribia kulala, anangoja mwanga uje ubavuni mwa nyumba. Jua la katikati ya mchana alilidharau. "Hilo la kuanikia mihogo," anasema. Mvua ikimkuta hakimbii, anafunika kamera kwa shati na kubaki kifua wazi, mzee mzima, mbavu zinahesabika. Watoto wanamzomea. Yeye anawaambia, "Nizomeeni polepole, mnatikisa."

Mtu kwenye picha hakumtaka kabisa. Hili tuligombana kila wiki. Alikuwa anaomba watu watoke vibarazani, anaomba nguo zianuliwe kambani, hata mbuzi anamfungua anamfunga kwingine.

"Mtu akiwemo," aliniambia, "watu watauliza huyu nani, mtoto wa nani, yuko hai? Nyumba haitatazamwa."

"Na nyumba isiyo na mtu wala kaniki kambani, si umepiga kaburi lenye madirisha?"

"Wewe shona, Mama Hadija."

"Nashona. Mdomo haujashonwa."

Kulikuwa na Mama Vitumbua, aliyekaanga vitumbua chini ya roshani ya nyumba moja kule Korogwe ya Zamani tangu ana meno yote. Mpiga Picha akamwendea kwa adabu, kofia mkononi. "Mama, naomba usogee kidogo pembeni, nipige nyumba."

Mama Vitumbua akamtazama, akatazama karai lililojaa mafuta yanachemka. "Nisogee na moto huu? Sogeza nyumba."

Basi akasubiri mpaka vitumbua vikaisha. Akavinunua vya mwisho yeye ili viishe upesi, akaja kunigawia, na alikuwa hapendi sukari.

Nyumba ile ya Mama Vitumbua ndiyo nyumba yenyewe. Sisi tuliiita Ghorofani. Sasa hivi maghorofa yapo, lakini enzi hizo Korogwe ukisema naenda Ghorofani hakuna aliyekuuliza ghorofa gani. Chini palikuwa duka la nguo la Mhindi, juu walikaa wenyewe. Roshani ya mbao imezunguka mbele nzima, imetobolewatobolewa maua na mtu aliyejua kazi, ngazi inapanda kwa nje, bati limekuwa jekundu kwa kutu. Wale Wahindi waliondoka zamani, akainunua mzee mmoja mwenyeji, mzee akafa, ikabaki kwa mtoto wake aliyekuwa Dar es Salaam. Watu wakasema mtoto anataka kuivunja ajenge fremu za maduka. Wakasema mwaka huu, wakasema mwaka kesho. Maneno yakawa yanazunguka tu kama nzi.

Mpiga Picha hayo maneno yalimkosesha raha. Hakuwa ametaka kitu kingine duniani kama alivyotaka nyumba ile ibaki imesimama. Na dawa yake ilikuwa mifuko. Aliniambia siku moja, mimi natia uzi kwenye sindano na yeye kashika kitambaa: "Mwanamke akibeba nyumba begani kila siku, inakuwa ya kwake. Na ikishakuwa ya wanawake wote wa Korogwe, nani atasogeza nyundo?"

Nikamwambia, "Wanawake wanabeba vitunguu, Mpiga Picha. Nyumba iko upande wa nje."

"Itaingia," akasema.

Akawa anatoa mifuko ya Ghorofani kuliko mingine yote. Ghorofani asubuhi, Ghorofani jua limeinama, roshani peke yake, ngazi peke yake. Nilishona Ghorofani mpaka nikawa naiona nikifumba macho.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa mkorofi. Mfuko ukishaununua alikufuata nao kama umeoa binti yake. Jirani yangu mmoja alitia dagaa kwenye mfuko wake, mafuta ya dagaa yakapenya mpaka kwenye picha. Mpiga Picha alimkuta njiani akapiga kelele watu wakatoka majumbani.

"Mama! Umemwaga dagaa juu ya ghorofa!"

"Baba, nimenunua mfuko au nimepanga chumba?"

Watu walicheka, naye akaondoka amenuna, na kesho yake akamletea yule mama mfuko mpya bila kusema neno. Akamfundisha na kuufua: geuza ndani nje, usitie brashi, anika kivulini. Maana ukiusugua, picha inapasuka, ukuta unakuwa na nyufa. Yeye nyufa za mfuko zilimuuma kuliko za kwake.

Na za kwake zilikuwepo. Mtu huyu wa majumba alipanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, bati linavuja, sufuria tatu zinakinga maji na ya nne anapikia. Sijamwona siku moja amepanda juu kuziba tundu. Milimani kwao alikuwa na msingi wa nyumba aliouanza ujana wake. Kila akishika pesa ya mabati anakumbuka kamera imechoka. Mke wake alituambia kibarazani, anacheka lakini macho hayacheki, "Shemeji zangu, sebuleni kwangu kumeota mgomba. Umeshazaa."

Mpiga Picha akamwambia, "Si umekula ndizi?"

Mke akainamia furushi la viazi. Mimi ningemtwanga na kiazi.

Kuna safari moja nilikwenda naye Handeni, kaka yangu alikuwa anaoza binti, nikamwambia twende utupige, utakula pilau. Alikubali, nadhani kwa ajili ya pilau. Kaka yangu amejenga nyumba ya tofali na bati jipya, ndiyo fahari yake, akavaa kanzu, akasimama mbele ya mlango kifua mbele kama mkuu wa wilaya. Mpiga Picha akainua kamera, akaishusha.

"Kaka, sogea kidogo, unaziba nyumba."

"Nyumba nimejenga mimi!"

"Ndiyo, imeonekana. Sogea."

Kaka akasogea kwa hasira, na ikawa picha aliyopiga si ya ile nyumba mpya. Akaigeuzia kamera nyumba ya udongo ya marehemu mama yetu iliyokuwa imebaki nyuma ya jiko, imepinda, imeezekwa makuti. Kaka hakumsamehe. Ile nyumba mpya yenye madirisha ya aluminiamu ya buluu Mpiga Picha aliiita nyumba iliyovaa miwani ya jua. Aliwaita wote waliopaka kuta zao rangi za kampuni za simu wapangaji kwenye nyumba zao wenyewe. Alisema hayo kwa sauti, mbele yao, huku anakunywa chai yao.

Sasa nije kwenye siku aliyokuja mwenyewe, mtoto wa yule mzee, mwenye Ghorofani.

Tulisikia yuko mjini anapima kiwanja. Mpiga Picha alikuja kwangu mapema amevaa koti. Sikuwahi kumwona na koti, lilikuwa na harufu ya sanduku. Akaniomba nimshonee mfuko mmoja wa peke yake, wenye bitana ndani, mshono mara mbili, mishikio ya turubai. Picha alikuwa tayari anayo, imebandikwa kwenye kitambaa: Ghorofani yote, jua limeingia ubavuni, roshani inatupa kivuli cha maua yake ukutani. Sitasema uongo, ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopitisha kwenye cherehani yangu. Nikashona kwa mkono uliotulia, nikakata uzi kwa meno, nikamwambia, "Tunakwenda wote. Wewe ukikaa kimya watu wanakudhani umemaliza."

Tukamkuta amesimama karibu na karai la Mama Vitumbua. Mtu mzima, mpole, kajaa vizuri. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Tukaitikia. Mpiga Picha akampa mfuko kwa mikono miwili, kama anampa mtoto mchanga.

Yule bwana akautazama. Akautazama sana. Akapitisha kidole kwenye roshani, kwenye ngazi, kisha nikaona anafuta macho kwa nyuma ya mkono, na mimi moyoni nikasema haya, imeokoka, imeokoka nyumba ya watu.

"Mzee," akasema, "hujui ulichonifanyia. Nilikuwa na mzigo. Marehemu baba alinikabidhi nyumba hii akiwa kitandani, kanishika mkono. Kila nikitaka kuianza kazi najiuliza, watoto wangu watamjua wapi babu yao? Alikaa hapa, alifia hapa. Nikawa nashindwa. Sasa jibu ndilo hili."

Mpiga Picha akauliza, "Jibu gani, mwanangu?"

"Kumbukumbu ipo, mzee. Ipo kwenye mfuko, haipotei tena."

Nilimtazama Mpiga Picha, bado anatabasamu, hajaelewa. Mimi nilielewa. Nikasema, "Kwa hiyo unaibomoa kwa kuwa amekupigia picha?"

"Hapana, mama. Kubomoa ningebomoa tu, siku moja. Ila sasa nabomoa moyo mweupe." Akamgeukia, akamshika bega. "Mzee, nitengenezee na mingine, kwa ajili ya ukoo. Shangazi zangu, dada zangu, kila mmoja awe na wake."

Na hakuwa mtu mbaya, ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningemtukana nikalala salama.

Kurudi Manundu tulitembea. Mpiga Picha njia nzima anavua kofia, anavaa, anavua. Tulipofika karibu na kwangu akasimama. "Ningeiacha bila picha," akasema, "labda angeendelea kuogopa."

"Angeogopa mwezi mmoja."

"Mwezi mmoja ni mwezi, Mama Hadija."

Na ile mifuko ya ukoo akaitengeneza. Nilimwambia akatae, mwambie mashine imeharibika, mwambie mimi naumwa mgongo. Akasema mtu kaomba. Nikashona. Nilishona nikiwa nimenuna, na haukupinda hata mmoja.

Siku ya kubomoa watu walijaa. Hapa kwetu nyumba ya zamani ikishushwa si nyumba tena, ni shamba limevunwa, kila mtu anaokota masalio. Vijana wanashusha mabati, wanawake wanaokota mbao za kuni, wazee wanatafuta bawaba na misumari ile minene ya zamani isiyopinda. Na walikuja na mifuko. Kwani walikuwa na mifuko gani mingine? Nilimwona jirani yangu wa dagaa amejaza bawaba na komeo za shaba ndani ya Ghorofani. Nilimwona mama mwingine katia kipande cha roshani, maua yanachungulia juu ya mshikio, na chini yake, kwenye kitambaa, roshani nzima. Mama Vitumbua aliokota kuni mpaka mfuko wake ukachanika pembeni, naye alikuwa analia huku anaokota. Nikamuuliza unalia nini? Akasema, "Nitakaa wapi sasa?" Na akaendelea kuokota, maana kuni ni kuni.

Hakuna aliyekuwa na ubaya. Ukiwauliza wote watakwambia waliipenda Ghorofani, na mfuko wanaunyoosha wakuonyeshe.

Mpiga Picha alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kamera inaning'inia shingoni, mikono imelala. Ilikuwa alasiri, mwanga ule ule anaoutaka, umeingia ubavuni, vumbi la lipu limekuwa kama dhahabu. Nikamwendea.

"Piga basi! Leo usipopiga utapiga lini?"

Hakunitazama. "Kuna watu," akasema.

Baada ya hapo hakuleta kitambaa tena. Mara mbili nilimtumia salamu, nikapita hata kule nyuma ya mashine ya kusaga, nikaambiwa amehama na mabegi yake. Pale Ghorofani zilipanda fremu: vocha, mitungi ya gesi, saluni yenye mziki. Mifuko nayo ikaanza kuchoka mabegani, picha zikapasuka kwa kusuguliwa, mingine ikawa matambara ya kushikia sufuria. Mji haukumfanyia ubaya mtu yule. Tulimsifu. Tulimsifu kweli kweli, kila mtu alimwambia mikono yako ina baraka, mzee. Hakuna aliyekwenda naye kwa mwenye nyumba isipokuwa fundi cherehani mmoja, na fundi cherehani huyo alikwenda kwa kuwa hapendi kukaa kimya. Nikifikiria hilo najisikia kama nimemeza mwiba wa samaki, wala siyo kwamba nimefanya kosa. Ni mwiba tu, uko pale.

Mwaka jana nilikuwa natoka Handeni kumwona kaka, ana mguu unaomsumbua. Gari dogo lililonichukua likaishia Kabuku, dereva akasema nitapata basi la kutoka Dar. Nikakaa na kapu langu pale wanapouza machungwa, magari makubwa yanapita yanatupulizia vumbi. Nageuka hivi, naona kamba imefungwa kati ya miti miwili, na kwenye kamba majumba yananing'inia. Korogwe nzima, kwenye kamba, Kabuku.

Alikuwa amekaa chini yake kwenye kreti la soda. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote. Kofia ile ile.

"Mpiga Picha."

Akainuka. "Mama Hadija. Bado unashona?"

"Bado naona. Kamera iko wapi?"

"Imepumzika." Akanikalisha kwenye kreti lake, yeye akabaki amesimama. Akanimenyea chungwa. Aliniambia anakaa kwa mpwa wake, anamaliza mifuko iliyobaki, ikiisha imeisha. Mama yule wa milimani hajambo. Nyumba kule hajaezeka. Nikamwambia kaka bado amekukasirikia, akacheka. Kisha akauliza, kama mtu anauliza habari za mgonjwa, "Zile fremu wamemaliza?"

"Wamemaliza."

"Wamepaka rangi gani?"

"Usiniulize."

Hakuniuliza tena. Basi la kutoka Dar likasimama, la kwenda Arusha, wauza machungwa wakalivamia madirishani. Akateremka binti mmoja kununua, msafi, na miwani ya macho, mwanafunzi wa chuo labda. Akaona kamba. Akaacha machungwa akaja moja kwa moja kwenye mfuko wa Ghorofani, ule wa jua ubavuni. Ulikuwa umebaki mmoja tu.

"Babu, shikamoo. Hii nyumba ni ya wapi? Zanzibar?"

"Marahaba. Korogwe hapo mbele."

"Korogwe? Mimi Korogwe napita kila muhula, sijawahi kuiona!"

"Huwezi kuiona barabarani. Iko Korogwe ya Zamani." Akautoa mfuko kwenye kamba, akaukung'uta vumbi. Akaanza kumwelekeza. Mwambie wa bodaboda akushushe njia ya mtoni. Utapita duka lenye nguzo nene. Utaona ngazi ya nje kwanza, kabla hujaona nyumba. Nenda alasiri, asubuhi ukuta una kivuli. Usikae karibu, kaa ng'ambo ya barabara.

Nilikuwa nimeshika chungwa mdomoni. Mtu huyu nilimjua kwa maneno magumu, nilimjua kwa kukosa adabu harusini, lakini kuongopa sikumjua nako. Nikamkodolea macho. Alikuwa anamtazama yule binti, uso umemfunguka, mikono inachora roshani hewani, na hakunitupia jicho hata mara moja.

"Basi letu linasimama Korogwe watu wale," binti akasema. "Nachukua bodaboda mara moja, nakwenda kupiga picha, narudi."

"Nenda," Mpiga Picha akamwambia. "Ukifika ubishe hodi."

Honi ikalia. Niliaga kwa haraka, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na mimi, mimi huyu, sikusema kitu. Nikapanda. Nikapata kiti pembeni ya yule binti, au yeye alinitengea, sijui.

Aliuweka mfuko mapajani, akaunyoosha. "Bibi, nawe ni wa Korogwe? Hii nyumba unaijua?"

"Naijua."

"Ndani ikoje?"

Nikamwambia. Nikamwambia duka lilivyokuwa, meza ndefu ya mninga, majora ya vitambaa mpaka darini, na Mhindi mwenyewe anavyopima kwa kunyoosha mkono toka puani. Nilikwenda pale na mama yangu tukitoka Handeni kununua kanga za harusi yangu, Mhindi akanipandisha ngazi juu kwa mke wake nikanywe maji ya barafu, ndiyo maji ya barafu ya kwanza maishani mwangu, meno yakaniuma, na nikasimama kwenye roshani nikatazama chini nikaona vichwa vya watu. Sikuwahi kuona mtu kwa juu kabla ya siku ile. Maua ya roshani yalikuwa yanatupa vivuli kwenye miguu yangu. Niliongea kupita Segera, niliongea mashamba ya mkonge yote, binti kafungua mdomo, na kila nikitaka kusema lile lililobaki naona uso wa mtu kule Kabuku.

Basi likaingia Korogwe, likasimama kwenye hoteli. Kondakta akatangaza watu washuke wale upesi. Binti akavaa mfuko wake begani, akachukua simu, akaanza kutafuta bodaboda kwa macho dirishani. Nikamshika mkono.

"Kaa ule, mwanangu."

"Nitakula njiani, bibi. Nataka kuiona."

Mimi ambaye nimemwambia shehe mbele za watu kwamba hotuba yake ni ndefu.

"Leo pamefungwa," nikamwambia.

Akasikitika. Akautazama mfuko, akautazama tena. "Basi nitakuja nikirudi chuo."

Nikasema inshallah, nikachukua kapu langu, nikateremka.